Simu mpya mkononi: nani alikufungulia akaunti? Tupeane uzoefu

Binti wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna jambo naliona kwa ndugu na majirani na linaniuma. Mtu anajichanga mpaka anapata simu janja nzuri, halafu ile saa ya kwanza, ambayo ndiyo inaamua simu itakuwa ya nani hasa, anamwachia kijana wa dukani. Kijana anaiwasha, anachagua lugha, anafungua akaunti ya Gmail, ambayo ndiyo akaunti ya Google, harakaharaka, anapakua WhatsApp, anakabidhi. Jina la akaunti kalibuni yeye, neno la siri analijua yeye, na pengine hata namba ya kurejeshea akaunti ni ya kwake.

Shangazi yangu aliuziwa simu namna hiyo. Aliitumia vizuri tu, hadi siku mtoto wa nyumbani alipobadilisha patani, ule mchoro wa kidole wa kufungulia simu, na kuisahau. Wakaipeleka kwa fundi, akaifuta yote kwa vile vitufe vya pembeni. Ilipowaka ikadai akaunti ya Google iliyokuwemo kabla ya kufutwa. Ulinzi huu ulikuja na Android 5.1 mwaka 2015, na shabaha yake ni mwizi: akiifuta simu ya wizi bila kupitia mipangilio, asiweze kuitumia. Sasa shangazi alikuwa na boksi, alikuwa na risiti, lakini akaunti hakuwa nayo. Dukani wakasema hawakumbuki waliandika nini. Picha za mazishi ya mjomba zilikuwa humo humo, na nakala yake haikuwa mahali pengine popote alipoweza kufika.

Tangu hapo, kwetu simu mpya haiwashwi dukani zaidi ya kuangalia kioo, kamera, spika na chaji. Akaunti tunafungua nyumbani, kwa jina la mwenyewe na namba ya mwenyewe. Kabla ya kupakua chochote tunaweka namba ya siri ya kufungulia, tarakimu 6, siyo mwaka wa kuzaliwa. Patani siipendi, maana aliyekaa nawe kwenye daladala anaisoma kwa mwendo wa kidole tu.

Ninyi mlianzaje? Hasa mliowawekea wazazi, naomba mwandike kwa kirefu.

Fundi wa Aggrey

Niko Kariakoo, simu ndiyo kazi yangu. Alichosema dada hapo juu nakiona karibu kila wiki, na mteja akija nacho huwa sina neno la kumfariji.

Naongezea upande wa kununua. Kabla hujatoa hela piga *#06#. Zitatokea namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, na simu ya laini mbili inazo mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi. Kisha tuma hiyo namba kwa meseji kwenda 15090 usubiri majibu. Ukijibiwa aina tofauti na iliyo mkononi mwako, acha hapo hapo. Wenye kumbukumbu wanajua Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipozima simu bandia, watu waliamka hawana mtandao. Na hakikisha IMEI imeandikwa kwenye risiti, siyo "simu moja" tu.

Simu ya mtumba ina mtego mwingine. Muuzaji anakuletea imeshafutwa, inakukaribisha kwa lugha, inang'aa, unalipa. Ukifika kwako ukiunganisha intaneti ndipo inadai akaunti ya mtu usiyemjua. Kwa hiyo mwambie aiwashe mbele yako, aingie Mipangilio, aondoe akaunti yake, aifute kutokea humo, halafu mfuate hatua zote mpaka ukurasa wa mwanzo mkiwa na bando. Akikataa, ujue ana sababu. Kwa iPhone ni hivyo hivyo, kuna kufuli la akaunti ya Apple tangu 2013, na hilo mimi sigusi.

Mama Kisauni

Mimi niko Mombasa. Kwetu pigo lilipita WhatsApp. Mweka hazina wa chama chetu alipata simu mpya, na wakati bado anaipanga ikaingia meseji kutoka kwa namba ya mwanachama mwenzetu: "Dadangu, kuna namba 6 zimekuja kwako kwa makosa, nitumie tafadhali." Yule mwenzetu alikuwa keshaibiwa akaunti yake, sisi hatujui. Mweka hazina akatuma kwa roho safi, kumbe ndizo namba za uthibitisho za WhatsApp yake. Punde mtu akawa anaandika kwenye kundi kwa jina lake, akiomba michango ya mgonjwa. Wawili walituma M-Pesa.

Kilichotusaidia ni kwamba laini bado ilikuwa kwake. Aliingiza namba yake upya kwenye WhatsApp, akapokea namba za uthibitisho kwa meseji, na alipoziweka yule mwizi akatolewa papo hapo. Lakini mwizi alikuwa ameshaweka PIN ya hatua ya pili, yaani namba ya siri inayoulizwa baada ya zile za meseji, na mwenye namba akalazimika kungoja siku 7 ndipo akaunti ikafunguka. Siku zote hizo kundi liliendeshwa kwa kupigiana simu.

Sasa chama kina sharti: mwanachama hapokei pesa za wenzake kama hajaweka uthibitishaji wa hatua mbili. Uko kwenye Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya Akaunti. Waliokuwa hawajui, tulikaa nao barazani mmoja mmoja mpaka wakamaliza.

Kijana wa Nyakato

Wekeni PIN kwenye laini pia! Watu wanafunga kioo, lakini mwizi anachomoa laini, anaichomeka kwenye simu nyingine, na meseji zote za uthibitisho zinamwendea yeye. Ila taratibu: ukikosea PIN mara 3 inadai PUK, namba ya kuifungulia laini iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa. Kadi uliyobandulia laini usiitupe, PUK kwa kawaida imeandikwa hapo.

Mwalimu wa Jioni

Naleta la mikopo ya kwenye simu, maana nimeona mfanyakazi mwenzangu akidhalilishwa. Alipakua programu ya mkopo kutoka kwenye tangazo, siyo Play Store. Ikaomba ruhusa ya kusoma majina na namba za watu aliowahifadhi kwenye simu, akabonyeza kubali ili amalize. Alipochelewa kulipa, meseji zikatumwa kwa mkuu wake wa kazi, kwa mkwewe, hadi kwa mzazi wa mwanafunzi, zikimwita tapeli. Alilia ofisini mbele yetu.

Tangu 31 Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizo Play Store kugusa majina na picha za mteja. Ndiyo maana wanaokutumia faili lenye .apk mwishoni, yaani programu ya kuweka bila kupitia Play Store, wanakimbia geti hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Itafuteni kabla ya kukopa.

Mimi simu mpya naanza na ruhusa. Tochi haina haja ya kujua nilipo. Kikokotoo hakina haja ya maikrofoni.

Wa Maskati

Assalamu alaykum. Niko Oman, mama yuko Unguja. Nilipomtumia simu sikuipanga huku. Nilimwomba mpwa wangu akae naye, nami nikawa hewani. Lugha tuliweka Kiswahili, maandishi makubwa, na tukazuia maneno ya meseji yasionekane kioo kikiwa kimefungwa. Play Store tukaiwekea isasishe programu kwenye Wi-Fi tu, kwa sababu bando lake lilikuwa linaisha kabla hajazungumza na wajukuu.

Neno la siri la akaunti mama ameliandika kwenye daftari lililo kabatini na vyeti vyake. Nimesikia watu wakikataza hilo, lakini mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye kabati la mama.

Swali langu: jirani yake simu yake ilifunguliwa akaunti na duka, na bado inafanya kazi. Afanye nini sasa?

Binti wa Pangani

Wa Maskati, wa alaykum salaam. Asiiondoe akaunti ya duka leo, majina yake yote huenda yamehifadhiwa humo na yatapotea pamoja nayo. Kwanza afungue akaunti yake mwenyewe na aiongeze kwenye simu. Kisha aingie kwenye majina, achague kuyatoa yote kama faili, halafu aliingize faili hilo kwenye akaunti mpya. Ndani ya WhatsApp abadilishe akaunti inayohifadhi nakala za mazungumzo, na picha azihamishie kwake. Akishahakikisha kila kitu kipo, ndipo aingie Mipangilio, Akaunti, na kuiondoa ile ya duka. Mpwa wako akiwa karibu, anaweza kuyamaliza hayo jioni moja, ila wahakikishe chaji imejaa na Wi-Fi ipo.