Banda linanuka na maranda yanalowana baridi hii, nifanyeje?

Kuku18
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimekwama. Nina kuku wa mayai 18, banda la mbao, chini nimetandaza maranda. Kipindi cha joto sikuwa na shida, nilikuwa nabadilisha kila baada ya wiki 3 basi. Sasa baridi imeingia nikaona niwazibie wasiumwe, nikaweka maturubai madirishani na zile nafasi za juu karibu na bati nazo nikazijaza magunia. Tangu hapo asubuhi nikifungua mlango harufu inanipiga mpaka machozi yananitoka, maranda yameshikana kama keki na ukutani kuna matone ya maji wakati mvua hata haijanyesha. Kuku 2 wameanza kupiga chafya. Nimetoa matandazo yote mara 2 ndani ya siku 10 na bado hali ni ile ile. Je nioshe sakafu kwa maji na sabuni? Naumia sana kuwaona hivi.

Mama Matetea
Pole sana ndugu yangu. Usioshe kwa maji!! Baridi hii sakafu ya mbao haikauki, utaongeza tatizo. Maranda hayana kosa, kosa ni hayo magunia ya juu. Kuku wanapumua usiku kucha humo ndani, na kinyesi chao chenyewe kina maji mengi, sasa unyevu wote huo ukikosa pa kutokea unagonga bati unageuka maji unawadondokea tena. Hiyo harufu ni amonia, bakteria wanavunjavunja kinyesi kilicholowa, na kama wewe uliyesimama mlangoni unatoka machozi basi fikiria kuku ambaye kichwa chake kiko pale chini karibu na matandazo saa zote, inamchubua njia ya hewa. Toa magunia leo leo, maturubai ya chini yaache. Upepo usiwapige walipolala ila hewa ipite juu ya vichwa vyao. Kuku ana manyoya yake, baridi kavu anaivumilia vizuri tu, ubichi ndio unaomuumiza. Hata upanga wa kichwani kuganda na kuwa mweusi kwenye ncha, mara nyingi ni baridi kali imekutana na banda lenye unyevu.

Fundi_Banda
Mama kamaliza kuhusu hewa. Mimi niongezee, hii ya kutoa yote kila mara unajichosha bure na maranda yanakwisha. Anza upya na maranda makavu kina cha sentimita 10 mpaka 15, alafu mara 2 kwa wiki pindua kwa uma au reki, mabonge yaliyolowa toa, juu ongeza makavu kidogo. Yataongezeka mpaka kama sentimita 30 hivi, na yale ya chini yanaanza kuoza taratibu, baridi ikiisha ndio unakomba yote. Ukiwarushia nafaka kidogo mchana watachakura wenyewe, kazi nusu wamekufanyia. Kupima unyevu chukua mkono mmoja ufumbate, ukiachia yakibaki bonge yamelowa sana, yakiachana taratibu yako sawa, yakiwa vumbi tupu hayo nayo yamekauka mno yatawasumbua mapafu.

tagaTaga
Sawa ila mimi naona mmesahau fito za kulalia. Kinyesi kingi kinaanguka usiku pale chini yake, weka ubao, kila asubuhi unakwangua dakika 5 tu, hapo umepunguza mzigo mkubwa kwenye matandazo. Na chombo cha maji je kiko wapi? Kwangu mimi kilichokuwa kinalowesha banda ni hicho, kilikuwa kinavuja pole pole na sikujua, nilipokiinua usawa wa mgongo wa kuku na kuweka sinia lenye wavu chini yake pakakauka.

Kuku18
Asanteni mno, chombo cha maji kiko katikati kabisa chini na kweli pale ndio pameloa zaidi. Na chokaa je, ninayo ya kujengea nimwage?

Mama Matetea
Hapana ndugu, hiyo inaunguza miguu na macho ya kuku, na ikikutana na kinyesi kibichi inazidi kuitoa amonia hewani. Maranda makavu na hewa vinakutosha. Hao wa chafya watenge, macho yakivimba au pua ikitoa ute mwite daktari wa mifugo usisubiri.

Kuku18
Mrejesho wakuu, leo siku ya 9. Matone ukutani hakuna tena, nikifungua asubuhi nasikia harufu ya maranda tu, nimefurahi kwa kweli! Mmoja kaacha chafya, mwingine macho yamevimba bado nimemtenga na daktari anakuja kesho. Yale mabonge nimeyarundika nyuma, naweza kuyaweka bustanini sasa hivi?

Fundi_Banda
Bado mkuu, mabichi yanaunguza mimea. Yaache miezi kadhaa, yageuze geuze, yakishakuwa meusi na hayanuki kinyesi tena ndio umwage. Na utuambie daktari kasemaje.