Nimepeleka CV, nimepewa JERO

Bint wa Rangi Tatu ameandika:

Wakuu, niko kwenye daladala narudi Mbagala, mikono inatetemeka, makosa ya herufi mnisamehe.

Leo nimekwenda kwa wale wa kutuunganisha na ajira sisi wenye ulemavu. Siwataji, mnawajua. Wale wa mabango ya watu wanaotabasamu mpaka jino la mwisho. Nimetoka nyumbani saa 11 alfajiri. Nguo nimepiga pasi tangu jana, bahasha ya kaki mkononi: CV, cheti cha stashahada ya uhasibu, barua ya serikali ya mtaa. Nimefika, nimesalimia, nimekaa kwenye benchi, magongo nimeyaegemeza ukutani, bahasha mapajani.

Dada wa mapokezi ameniangalia kuanzia magongo hadi kichwani. Jina hakuniuliza. Akafungua pochi, akapekua, akanyanyuka, akaja AKANIWEKEA SARAFU YA MIA TANO JUU YA BAHASHA. "Pole mamii, kanywe chai, bosi hayupo leo."

Jero! Juu ya cheti changu cha uhasibu! Na nyuma yake ukutani wamebandika "Ulemavu si kulemaa", herufi kubwa kama za kampeni. Nikamwambia dada, mimi nina miadi ya saa 3, nimekuja kutafuta kazi. Akajibu, "Basi iwe nauli."

Wallahi hata feni ilisimama. Mzee Karume kwenye ile sarafu alikuwa ananitazama mpaka nikainamisha macho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Mimi nimefuata asilimia 3 nikapewa jero. Na waliopaswa kunisaidia niipate ndio hao hao wenye jero!

Kipanga wa Temeke:
Pole. Ila kabla hatujaendelea, jero uliichukua au uliiacha?

Bint wa Rangi Tatu:
Nimeirudisha mezani kwake! Iligonga kioo, ofisi nzima ikageuka. Akaniambia, "Watu wengine hamna shukrani." SHUKRANI. Nimewekewa hela juu ya cheti nishukuru!

Kipanga wa Temeke:
Ungebeba, chapati mbili hizo.

Chuma cha Doriani:
Una bahati wewe, umepewa hela. Mimi wale wale walinifungia ukumbini siku tatu kunifundisha kuandika CV. CV naandika tangu 2017! Nina vyeti vinne vya kuhudhuria semina zao, kazi hata ya kufagia sijaiona. Kila tangazo la utumishi linasema waombaji wenye ulemavu wanahamasishwa. Nimehamasika mpaka nimechoka.

Mama Kulwa 2:
Nyie mnaongea. Mwanangu kiziwi, wanajua ni kiziwi, fomu imeandikwa kiziwi. Wakamwita kwenye usaili kwa KUMPIGIA SIMU. Nilikuwa sokoni, simu imeita mara tatu mezani, yeye amekaa pembeni anakula wali. Nilipokwenda kuuliza, faili limeandikwa "hakutoa ushirikiano". Nililia pale pale kaunta.

Bint wa Rangi Tatu:
Pole sana mama. Lakini yeye hawakumwekea jero juu ya cheti.

Hesabu Kali:
Nauliza tu. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. Mwajiri aajiri mtu mpaka kifuani?

Wakili wa Kijiweni:
@Hesabu Kali acha mzaha. Mwenye watu 100 anatakiwa awe na watatu. Ingia kampuni yoyote ya watu mia unayoijua, nihesabie hao watatu, mlinzi wa getini usimtie. Nakusubiri hapa hapa.

Baharia wa Likoni:
Huku Kenya katiba ya 2010 ibara ya 54 inataja asilimia 5 kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na bado ndugu yangu anasukuma kiti chake ofisi hadi ofisi.

Kipanga wa Temeke:
Uzi hauwezi kufika mbali kabla Mkenya hajatoa katiba mfukoni.

Bajaji ya Jioni:
Achaneni na maofisi. Chukueni ile mikopo ya wenye ulemavu, asilimia 2 ya mapato ya halmashauri, nunueni bajaji, jitegemeeni.

Chuma cha Doriani:
Ile iliyosimamishwa 2023? Imerudi 2024, sawa. Kikundi chetu kimejaza fomu, tumepiga picha, tumefungua akaunti, mhasibu wetu kaolewa Singida, bado tunasubiri.

Bajaji ya Jioni:
Kikundi chenu mlichanga shilingi ngapi kwanza? Msiseme halmashauri tu.

Chuma cha Doriani:
Unanijua wewe? Njoo Temeke Mwisho tuongee.

Bint wa Rangi Tatu:
Jamani mada ni JERO! Juu ya BAHASHA!

Mama Kulwa 2:
Bint, na hayo magongo uliyoegemeza ukutani hayakuteleza? Vigae vya hizo ofisi ni kama wamemwaga sabuni.

Bint wa Rangi Tatu:
Moja lilianguka mama. Mpira wa chini umekwisha, chuma kinagusa sakafu. Nimetafuta Kariakoo nimekosa, yapo magongo mazima tu.

Fundi Tandika:
Mpira usinunue dada, fundi viatu yeyote anakukatia kwenye tairi, unadumu kuliko wa dukani.

Chuma cha Doriani:
Wa tairi unaacha alama nyeusi sakafuni. Mke wangu amenipiga marufuku.

Fundi Tandika:
Alama inatoka na majivu. Dada lete gongo lenyewe nipimie, usiniletee kipimo cha mdomo.