Mita ya kurusha kwenye MLB The Show inanidhalilisha

MzeeWaTanga: Wakuu, habari za usiku. Nipo Columbus, Ohio, na mwanangu wa miaka 11 ameniingiza kwenye gemu ya besiboli. Mimi mtu wa Coastal Union, huu mchezo naujua kwa kuungaunga. Kupiga najitahidi, kurusha ndiko balaa. Nalenga kona ya chini, nabonyeza X, baa inapanda, nabonyeza kule juu, inashuka, nabonyeza kwenye mstari wa njano. Naapa naupata! Mpira unakwenda katikati kabisa, dogo anautandika hadi jukwaani. Jana 14–2, na bado akaenda kumhadithia mama yake jikoni. Hii mita inapima nini hasa?

kipanya07: Shikamoo mzee. Mbonyezo wa pili ni nguvu, wa tatu ni shabaha. Nahisi huo wa pili unauachia mpaka kwenye nyekundu, kule mwisho wa juu wa baa. Kasi utapata, ila mpira unapotea njia na mrushaji anachoka haraka. Ukate kabla. Halafu kila mrushaji ana alama zake za udhibiti. Mwenye alama ndogo, au aliyechoka, hata ukigusa njano barabara mpira bado unateleza.

dada_lulu: Kabla ya yote, TV umeiweka kwenye hali ya gemu? Isipowekwa, picha inachelewa kidogo. Wewe unaiona baa iko mstarini, kumbe ilishapita.

bonge_wa_padi: Achana na mita, hamia Pinpoint, ile iliyokuja na toleo la 2021. Unachora umbo kwa kijiti cha kulia, ukipatia mpira unakwenda unapotaka.

MzeeWaTanga: Marahaba kipanya. Bonge, hiyo ndiyo anayotumia dogo. Vidole vyangu mimi vimezoea kufunga kamba za ngalawa, niache na mita yangu. Lulu, Mungu akubariki! Nimehangaika na rimoti robo saa, hiyo hali ilikuwa imezimwa tangu siku tuliyonunua TV. Nimefanya mazoezi peke yangu usiku, sauti chini, na nyekundu siigusi tena. Leo tumemaliza 6–5. Kashinda yeye, kwa mpigo wa mwisho: nilimng'ang'ania mrushaji wangu hadi iningi ya 9, yaani awamu ya mwisho, baa ya nguvu zake imebaki kijipande. Safari hii kwa mama yake hakwenda, kaomba turudie.

kipanya07: Mzee, benchi lina watu!