Tupeane uzoefu: siku Observable ilikuaibisha kazini

kinyozi_wa_kodi: Wasee, leo nimepitia kodi ya programu ya kijana mgeni ofisini. Mnajua Observable ya RxJS, ule mkondo wa data unaousikiliza kwa subscribe? Nikakuta subscribe ndani ya subscribe ndani ya subscribe, nikajiona mimi kabisa nikianza. Yenu ilikuwa gani?

nyanya_karanga: Aki usinikumbushe. Duka la gesi huko Rongai, niliwatengenezea ukurasa wa malipo kwa Angular, ile fremuweki ya kurasa za wavuti. POST, lile ombi la kutuma malipo kwa seva, inarudisha Observable, nami nikaiweka kwa ukurasa mara mbili na async pipe, ile inayosabskraibu yenyewe na kuonyesha jibu, moja ionyeshe pesa, nyingine namba ya risiti. Kumbe ule mkondo ni baridi, kila anayesabskraibu anaanzishiwa wake upya, kwa hivyo POST zinaenda mbili!! Saa mbili usiku niko kwa matatu, nimebanwa kiti cha nyuma, mwenye duka anapiga: "Kijana, kuna mama hapa amekatwa mara mbili, ameshika mtungi wa pili na anasema haondoki bila huo." Nikafungua laptopu magotini, konda anadai nauli, nacheki Network kwa brauza, POST mbili zimefuatana kama mapacha. Yule mama nilimrudishia na pesa ya mfukoni mwangu.

bw_switch: Pole. Weka shareReplay(1), wote wagawane jibu moja, ulale.

chai_mkandaa: shareReplay ya nini, async iwe moja tu pale juu basi.

mzee_wa_promise: Ndio maana mimi niko na Promise ya JavaScript, ahadi ya jibu litakalokuja. Ikianza imeanza, haiulizi nani anasikiliza.

bw_switch: Mzee, Promise huleta jibu moja inakufa. Mtu akitafuta bidhaa herufi kwa herufi utafanyaje? debounceTime(300) ingoje atulie milisekunde 300, halafu switchMap ihamie ombi jipya, jibu la zamani linatupwa.

mzee_wa_promise: Na mtu akibonyeza Lipa mara mbili? switchMap yako inaachana na ombi la kwanza kwa brauza na seva ishakata pesa.

bw_switch: Hapo ni exhaustMap, inapuuza mibonyezo mingine hadi ombi la kwanza liishe, kila mtu anajua.

mzee_wa_promise: Kila mtu eeh. Muulize wa gesi.

chai_mkandaa: Mimi ni interval(5000), inayogonga kila sekunde tano, bila unsubscribe ya kuizima. Keshia anafungua ukurasa wa mauzo anatoka anarudi mchana kutwa, jioni interval kibao zinagonga seva, feni ya kompyuta inalia kama posho mill. takeUntil, inayokata mkondo ikipewa ishara, iliniokoa, lakini iwekeni mwisho wa pipe, ule mnyororo wa hatua.

rongai_express: Mwisho kabisa! Mimi niliiweka juu ya switchMap, mkondo wa ndani ukaendelea bila kukatwa, wikendi yangu ikaenda hivyo.

kinyozi_wa_kodi: Nyanya, na ule mtungi wa pili?

nyanya_karanga: Aliurudisha wiki iliyofuata. Mtupu.