Pampu za kalsiamu ni za polepole. Basi ni nini kinachozima ishara kwenye ncha ya neva?

Msomi_Mdogo:
Habari zenu, wanajukwaa. Ninasoma fiziolojia ya neva, na kuna jambo ambalo kila nikilirudia linanichanganya zaidi. Kitabu changu kinaeleza kwamba msukumo wa umeme unapofika kwenye ncha ya neva, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, vifuko vyenye kemikali za ujumbe huungana na utando na kumwaga vilivyomo, kisha "pampu huiondoa kalsiamu na ishara huzimika". Kurasa chache mbele, kitabu hicho hicho kinasema kwamba umwagaji hukoma ndani ya milisekunde chache, ilhali pampu huchukua makumi ya milisekunde, na pengine zaidi, kukirudisha kiwango cha kalsiamu mahali pake. Ikiwa msafishaji anachelewa kiasi hicho, ni nani anayeizima ishara mapema? Na kati ya pampu, mitokondria na protini zinazonasa kalsiamu, kidhibiti kikuu ni kipi?

Mwalimu_Mstaafu:
Ndugu yangu, kitabu chako hakijakosea kuhusu muda. Kilichokupoteza ni lile neno "huiondoa", kwa sababu kalsiamu si lazima itoke ndani ya ncha ndipo ishara izimike, inatosha itawanyike.

Fanya hesabu ndogo. Chukua ncha yenye umbo la tufe na kipenyo cha mikromita 1. Wakati wa utulivu kalsiamu huru ndani yake haizidi sana nanomola 100, na ukizidisha kiwango hicho kwa ujazo wa tufe utapata ioni 30 hivi, basi. Ujazo kama huo wa majimaji yaliyo nje ya seli, ambako kiwango kinazidi milimola 1, una ioni zaidi ya 300,000. Kwa hiyo mlango mmoja ukifunguka hata kwa sehemu ya milisekunde, ioni huingia kwa kishindo, na hapo hapo mdomoni pa mlango kiwango hupanda hadi makumi ya mikromola, lakini katika eneo la makumi ya nanomita tu. Wingu hilo dogo ndilo linaloiamsha sinaptotagimini, protini ya kwenye kifuko ambayo kazi yake ni kuihisi kalsiamu. Mlango ukijifunga, wingu hukosa cha kulilisha: ioni husambaa pande zote, na nyingi hunaswa njiani na protini kama kalbindini na kalimodulini.

Jambo la pili ni kwamba umwagaji haupungui kwa uwiano sawa na kalsiamu. Mwaka 1967 Dodge na Rahamimoff, wakichunguza neva na msuli wa chura, walionyesha kwamba umwagaji hufuata kipeo cha nne cha kalsiamu, yaani kalsiamu ikipungua kwa nusu, umwagaji hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi na sita. Wingu likitawanyika kidogo tu, mchezo umekwisha, na pampu bado hazijaanza kutoa jasho.

Maabara_Usiku:
Namuunga mkono Mwalimu, na ushahidi wa maabara upo. Kuna vinasa-kalsiamu viwili vya kutengenezwa, BAPTA na EGTA, ambavyo nguvu zao za kushika zinakaribiana, ila BAPTA hunasa upesi na EGTA hunasa polepole. Katika sinapsi (kiungo cha neva moja na nyingine) kubwa ya ngisi, BAPTA ikidungwa ndani ya ncha huzuia umwagaji, lakini EGTA haizuii, kwani kabla haijanasa chochote ioni zimekwisha kufika kwenye sinaptotagimini.

Hata hivyo, nisingependa usafishaji uonekane kazi ya pembeni. Msukumo wa pili ukifuata upesi hukuta masalia ya ule wa kwanza, na umwagaji wake huweza kuwa mkubwa zaidi; watafiti Katz na Miledi waliyatumia masalia hayo kueleza jambo hili tangu mwaka 1968. Kuhusu "kidhibiti kikuu", ningeliacha kabisa swali hilo, maana jibu linategemea mzigo. Pampu ya kwenye utando hushika kwa nguvu lakini huhamisha kidogo kidogo, ioni moja kwa kila ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli. Kibadilishaji cha sodiamu na kalsiamu hushika kwa ulegevu lakini hubeba shehena kubwa, kikiingiza sodiamu 3 ili kutoa kalsiamu 1. Mitokondria, ambazo huivuta kalsiamu kwa volteji ya utando wao wa ndani, hazifanyi mengi kwa msukumo mmoja. Mzigo unapokuwa mkubwa na wa muda mrefu ndipo huipokea kwa wingi, kisha huirudisha taratibu kwa dakika kadhaa, na hivyo ncha hubaki na uchangamfu baada ya purukushani kwisha.

Msomi_Mdogo:
Nashukuruni sana. Ikiwa kibadilishaji hakitumii ATP, je, nishati ikikatika, kwa mfano wakati wa kiharusi, hakiwezi kuendelea na kazi peke yake?

Mwalimu_Mstaafu:
Hakiwezi, kwa sababu kinaishi kwa mkopo. Nguvu yake hutokana na tofauti ya sodiamu kati ya nje na ndani, na tofauti hiyo hutunzwa na pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo ni mlaji mkubwa wa ATP. ATP ikipungua, sodiamu hujazana ndani, volteji ya utando hulegea, na kibadilishaji kile kile kilichokuwa kikitoa kalsiamu hugeuka na kuanza kuiingiza. Volteji iliyolegea hufungua pia milango ya kalsiamu, glutamati, kemikali ya ujumbe inayosisimua neva, humwagika bila mpango, na seli jirani huanza kuzidiwa na kalsiamu nazo. Kwa hiyo rudi kwenye mchoro wa kitabu chako, na mshale wa kibadilishaji uuchore upya wenye ncha mbili.