Mzazi akikutwa na aota iliyotanuka, watoto wapimwe lini?

Mdau_Tabora7: Wakuu, mzee wa miaka 71, mvutaji sigara wa siku nyingi, alipigwa altrasaundi kwa ajili ya tezi dume, ikaonekana aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) sehemu ya tumboni ina kipenyo cha sentimita 4.4. Ana watoto wanne, wakike kwa wakiume, wa miaka 38 hadi 50. Mdogo wake alifariki ghafla akiwa na miaka 46, cheti kikaandikwa "moyo". Watoto nao wapimwe? Wote au wa kiume tu?

Kipenyo: Tenganisha kwanza tumbo na kifua, maana urithi wake haufanani. Aota ya tumboni ni kama sm 2. Ikifika 3 tunaiita aneurizimu. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye tatizo hilo, hatari yako ni takriban mara mbili ya mtu mwingine, lakini hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Ni nyingi, kila moja inachangia kidogo, na sigara inamalizia kazi. Madaktari wa mishipa wa Ulaya wanaona inafaa kufikiria kipimo kuanzia miaka 50, wanawake kwa wanaume, na kurudia kila baada ya miaka 10. Mabinti msiwaache: kwao ugonjwa ni nadra zaidi, ila aota yao hupasuka ikiwa na kipenyo kidogo, ndiyo maana upasuaji hufikiriwa kwenye sm 5.0 badala ya 5.5 ya wanaume.

Mzee mwenyewe, kwa 4.4, arudie kila mwaka na aache sigara.

Vali_Tatu: Mimi huyo baba yao mdogo ndiye ananisumbua. Kifo cha ghafla kwenye miaka 46 kinaweza kuwa moyo kweli, na kinaweza kuwa aota ya kifuani iliyochanika ukuta. Bila kufungua maiti hamtajua. Huko kifuani urithi una nguvu zaidi. Karibu mmoja kati ya wagonjwa watano ana ndugu wa karibu mwenye tatizo hilohilo, na mara nyingi jeni moja inatosha, kila mtoto akiwa na nusu kwa nusu ya kuirithi. Kuna anayeibeba bila kuonyesha chochote, kwa hiyo ugonjwa huonekana kama umeruka kizazi.

Msiulize ukoo "nani alikuwa na aneurizimu?" Hakuna atakayejibu. Ulizeni nani alianguka akafa kabla ya miaka 60, nani alishikwa na maumivu ya ghafla ya kifua au mgongo kama anachanwa, nani alifariki ghafla akiwa mjamzito au punde baada ya kujifungua, nani ni mrefu mwenye vidole virefu na lenzi ya jicho iliyohama. Andikeni na umri.

Majibu yakielekea huko, altrasaundi ya tumbo haitoshi, haioni kifua. Eko (altrasaundi ya moyo) huonyesha mzizi wa aota na mwanzo wake, lakini upinde na sehemu ya kushuka huweza kuikwepa, hivyo iongezwe CT au MRI. Kipimo cha jeni kianze kwa mgonjwa, si kwa mtoto mzima wa afya. Kisipoonyesha kitu familia haijasafishwa, maana jeni nyingi bado hazijulikani, picha ziendelee.

Mdau_Tabora7: Na wakikutwa salama?

Kipenyo: Presha idhibitiwe, sigara marufuku. Waeleze historia hii kila wanapoandikiwa antibayotiki: siprofloksasini na levofloksasini ziepukwe kukiwa na mbadala, maana zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo hilo Desemba 2018.

Prob_Sawa: La upande wa mpimaji: njooni mkiwa hamjala kwa muda wa saa 6, gesi ya utumbo huficha aota. Dai namba kwenye ripoti, "kawaida" haisaidii mwaka unaofuata. Na tofauti ya milimita 2 au 3 kati ya vipimo viwili si lazima iwe kukua. Mwingine hupima kutoka nje ya ukuta hadi nje, mwingine ndani hadi ndani. Ulizia njia iliyotumika kabla ya kuogopa.