Naomba ushauri: dume mmoja anawazuia ndege wavumaji wenzake kunywa

Ndugu zangu, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Naishi Columbus, Ohio, nchini Marekani, ambako kila kiangazi hufika ndege wavumaji wenye koo jekundu, viumbe wa gramu 3 hivi wanaonyonya maua huku wakielea hewani, tofauti na chozi wa kwetu ambaye kwa kawaida hutua kwanza.

Nimewatundikia uani chombo cha maji ya sukari, kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji, bila rangi wala asali, maana asali ikichanganywa na maji huchacha na kuota kuvu upesi. Siku za joto kali nabadilisha maji hayo kila baada ya siku 2 na kusugua matundu ya kunywea kwa brashi ndogo.

Tatizo ni dume mmoja. Hukaa kwenye waya wa kuanikia nguo, koo likimeta kama kaa la moto, na jike yeyote akisogeza mdomo humrukia na kumfukuza hadi ng'ambo ya ua. Inaniuma sana, kwa kuwa wote wanahitaji kunenepa kabla ya safari ya kusini, ambayo huwavusha wengi wao Ghuba ya Meksiko bila pa kutua.

Je, nitundike chombo cha pili nyuma ya nyumba asikoweza kukiona, au niweke kadhaa pamoja ashindwe kuvilinda vyote? Na nyigu wanaozingira matundu niwazuieje bila kutumia dawa? Wenye uzoefu, naombeni mnielekeze.